Pingu ya Kanze

Refa Nguma hakuwa na mchezo na mavazi. Kabla ya mechi aliwapanga wasichana mstari mmoja akawapitia: hereni vua, kucha kata, jezi chomekea. Walimwita Mzee Vua, naye alijua. Mwaka jana kule Changamwe alikubali bangili ifunikwe kwa plasta, ikaja ikampasua mtoto wa watu nyusi mpaka mfupa ukaonekana. Tangu hapo hakuna aliyembembeleza akasikilizwa.

Siku ya fainali ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari, Likoni, alifika kwa Kanze, nahodha wa timu ya Timbwani. Juu ya kiwiko msichana alikuwa amefungwa kifuko cha ngozi kwa uzi mweusi. Ndani kilikuwa kigumu kama kokwa.

"Nini hiki?"

"Pingu, baba."

Nguma hakuuliza pingu gani. Yeye Mgiriama wa Mjambere. Alijua si ile ya polisi, ni hirizi ya mganga.

"Vua."

"Sina ruhusa. Anayefungua ni yule aliyefunga."

"Muite basi."

"Ni nyanya. Tulimzika mwezi wa nne." Akashusha sauti. "Nilikuwa naanguka kifafa. Toka anifunge, sijaanguka."

Kocha wa wapinzani, Lenox, akacheka kwa mbali. "Refa, kama ni mambo ya waganga tupeni kombe letu twende tukale!"

"Funga domo, Lenox," akasema Gladys, mwalimu wa Kanze. Akamgeukia Nguma. "Nimebaki na watano tu, mzee wangu. Purity mguu umeteguka. Huyu akitoka, hatuna timu. Tumfunge bandeji juu yake, tafadhali."

"Kufunika nilishafunika. Niliona matokeo."

Kanze aliwatazama wenzake wanne. Akanyoosha mkono.

"Kata wewe, baba. Mimi sikati."

Nguma alichukua mkasi kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Kila Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani, na mambo hayo aliyaita upuuzi. Hata hivyo mkasi ulimteleza mara mbili ndipo uzi ukakatika. Akakitia kifuko mfukoni, akapuliza kipenga.

Mechi hiyo aliichezesha vibaya. Macho hayakumwacha Kanze. Robo ya tatu msichana alipigwa kikumbo akalala chini, na Nguma akasimamisha mchezo, akamkimbilia kabla hata hajajua ni faulo ya nani.

"Niko sawa, refa. Mbona umenishika kichwa?"

Timbwani wakashinda kwa pointi mbili. Wasichana wakiimba, Nguma alimfuata na kifuko.

"Shika, mama. Nyumbani watakufunga tena."

Kanze akaweka mikono nyuma. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Nguma. "Siyo yangu tena. Nyanya alisema anayekata ndiye mwenyewe. Mama akiniuliza, nitamtajia jina lako."

Nguma akampa Gladys namba ya simu. "Akianguka, nipigie. Saa yoyote."

Kwenye feri alikitoa akitupe majini. Akakitazama, akakirudisha.

Alipokaribia kwake Mjambere simu ikalia. Alikaa nayo kidogo kabla ya kuitazama. Alikuwa mkewe.

"Pitia mkate. Mbona wahema hivyo?"

"Sihemi," akasema Nguma. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni, umekishika kile kifuko, umelowa jasho.