Mgeni Anatazama

Fundi wa televisheni alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati, simu ameing'ata kwa meno ili tochi yake immulikie. Mshonaji alikuwa mbele, ameikumbatia televisheni isije ikaanguka, na kwa kuwa ilikuwa pana kuliko mikono yake ilibidi aegemeze shavu kwenye kioo. Hatimaye fundi alilipata tundu alilokuwa akilitafuta, akachomeka humo kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, akatoka kinyumenyume huku akijipangusa vumbi.

Televisheni hiyo ililetwa na gari la mizigo, zawadi kutoka kwa mwana wa mshonaji. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee, naye aliishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, pamoja na mke na watoto ambao mshonaji aliwajua zaidi kwa picha. Mara ya mwisho kuja ilikuwa kwenye mazishi ya baba yake, na aliondoka kabla viti vya kukodi havijarudishwa. Baada ya hapo alituma televisheni. Alisema itamchangamsha mama.

Ilikuwa televisheni ya kisasa, yenye kujiunga na intaneti yenyewe, na adabu haikuwa nayo. Kila ilipowashwa ilimtaka mshonaji akubali masharti. Ilimuuliza umri. Ilimtangazia magari wakati hata baiskeli hakuwa nayo, na mara nyingi ilikatiza tamthilia katikati ya ugomvi ili ijisasishe, ikaganda hapo mpaka hamu ikamwisha. Fundi alipoitwa alimweleza kwamba televisheni za aina hiyo husikiliza hata maongezi ya sebuleni na kuyapeleka kwa wenyewe waliozitengeneza. Mshonaji hakukasirika. Aliwaonea huruma hao wenyewe, maana sebuleni mwake hapakuwa na mtu wa kuongea naye, na walichokuwa wakipelekewa ni mlio wa cherehani.

Dawa yake, alisema fundi, ni kuinyima intaneti. Akaifutia neno la siri, ikawa haijui tena njia ya kutoka nje ya nyumba. Picha zote zingeletwa na kidude, ambacho ndicho kingekwenda na kurudi.

“Sasa hii TV ni kioo tu, mama,” alisema. “Haina wa kumuuliza kitu. Kidude kikiiambia hivi, inaamini hivyo hivyo.”

Kidude kilisajiliwa kwa akaunti ya mwanawe. Mwenyewe alisoma tarakimu kwa simu kutoka huko aliko, fundi akazibofya kwa rimoti, na kioo kikauliza: Nani anatazama? Chini ya swali palikuwa na vikatuni vya nyuso, kila kimoja na jina lake: Baba, Mama, Watoto, Mgeni.

Mshonaji aliposoma neno Mama alifurahi kiasi cha kumwonea fundi aibu. Hakudhani mwanawe angekumbuka kumwekea mahali pake. Akabonyeza Mama, akaingia.

Ni kosa ambalo yeyote aliyewahi kuzaa angelifanya. Kwa jioni kadhaa aliangalia vipindi vya Mama: mapishi ya watu wenye majiko makubwa, mazoezi ya kupunguza kiuno, na tamthilia ndefu ya akina dada warembo waliokuwa wakigombania hoteli ya marehemu baba yao. Havikuwa vitu ambavyo angevichagua mwenyewe, lakini aliamini kwamba mwanawe amevichagua kwa ajili yake, na kwa sababu hiyo akavifuata kwa moyo wote. Mazoezi ya kiuno aliyafanya ameshikilia cherehani. Magoti yalimkemea, naye akaendelea, akiwaza kwamba mtoto akikushauri jambo la afya ni kwa sababu bado anakuhitaji.

Kisha mwanawe akapiga simu. Hakupiga kwa ubaya. Alicheka kwanza, akasema mama watoto analalamika kwamba kuna mtu anaimaliza tamthilia yake kabla yake, na kila akifungua anakuta ugomvi umeshasuluhishwa.

“Mama, ile iliyoandikwa Mama ni ya mama watoto,” alisema. “Wewe uwe unaingia kwa Mgeni.”

Mshonaji alisema sawa, mwanangu. Akauliza kama watakuja shule zikifungwa. Mwanawe alisema wataangalia, halafu akasema simu inakatakata, ingawa haikuwa ikikatakata. Lilimuuma jambo hilo, tena lilimuuma sana, na hapakuwa na wa kumwambia. Aliukata uzi wa kola kwa meno, akageuza kitambaa, akaendelea na kazi.

Jioni iliyofuata alibonyeza Mgeni. Kidude kikaiambia televisheni kwamba anayetazama ni mgeni. Televisheni yenye intaneti huenda ingeuliza mahali, ikahakikisha kwanza, na ingeambiwa kwamba katika nyumba ile hajaingia mgeni tangu mazishi. Hii haikuwa na wa kumuuliza. Iliamini, na jambo likishaaminiwa ni lazima mtu alitimize. Mlangoni pakabishwa hodi.

Alikuwa mwanamke wa makamo ya mshonaji, amevaa gauni la kutokea, mkoba ameupakata. Alikaribishwa, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kile kiti kikubwa alichokuwa akikalia marehemu. Chai aliikataa kama wageni wanavyoikataa, kisha akanywa vikombe viwili. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimeshikwa, mshonaji alihamia kwenye kigoda cha cherehani, akaangalia kipindi kwa upande. Kipindi kilipokwisha mgeni alisimama, akajinyoosha gauni.

“Haya jamani, niwaache mpumzike,” alisema, kana kwamba nyumba imejaa watu.

Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Mshonaji alianza kuweka maji ya chai jikoni kabla ya kuwasha televisheni. Hakuwa mgeni wa kuchosha. Alicheka panapochekesha, hakuuliza bei ya kitu chochote, na alipoulizwa habari za miguu alisema ni mizima, ijapokuwa alishuka kizingiti kwa kujishika ukutani. Alipoulizwa kama ana watoto alisema anaye mmoja.

“Ana kazi nyingi,” aliongeza. “Mimi sipendi kumsumbua.”

Siku moja mshonaji aliona lile gauni linambana kwapani, akajitolea kulipanua. Alichukua futi ya kitambaa shingoni mwake, akampima mabega, akampima kifua, akampima kiuno na urefu. Hakuandika mahali, kwa kuwa vipimo vyote alikuwa navyo kichwani miaka mingi. Hata bega la kulia lilikuwa chini ya la kushoto kwa kiasi kile kile, kama linavyokuwa la mtu aliyeinamia cherehani ujana wake wote. Kwa ufupi, alikuwa anajipima mwenyewe. Alitoa pini mdomoni, akasema kitambaa chake kizuri, kitastahimili kufumuliwa.

Jirani wa mlango wa pili, aliyepita kuomba chumvi, aliwasalimia wote wawili na kuuliza kama ni ndugu, maana walikuwa wamefanana kama pacha. Mshonaji alifikiri kidogo.

“Ni mgeni wa mwanangu,” alijibu, na jirani akachukua chumvi akaenda.

Ikatokea jioni moja mwanawe kupiga simu ya video wakati mshonaji ana pini midomoni na gauni la bibi harusi mapajani. Simu ilikuwa mezani, karibu na kiti kikubwa. Mgeni aliipokea. Mwanawe alimwamkia shikamoo mama, naye akaitika marahaba baba, hamjambo wote? Akaulizwa hali, akasema huku ni salama tupu. Akaulizwa kama anahitaji chochote, akasema msihangaike jamani, mna mambo mengi.

Simu za mwanawe kwa kawaida zilikuwa za haraka, kama za mtu aliyeacha sufuria jikoni. Hii iliendelea. Watoto waliitwa waje wamsalimie Bibi. Mkwe mwenyewe alikuja na mwiko mkononi, akacheka, akasema Mama siku hizi amependeza. Mgeni aliwasifu watoto kwa kukua. Hakuuliza watakuja lini.

Mshonaji alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa. “Mwanangu,” alisema kutoka pale kwenye kigoda, “mimi niko huku.”

“Nani huyo anaongea?” mwanawe aliuliza.

“Ni mwenyeji wangu,” alisema mgeni.

“Oo. Msalimie sana.”

Tangu hapo akawa anapiga mara kwa mara, na muda wake ulikuwa ule wa jioni, mgeni akiwa kitini. Mshonaji aliwahi kuipokea mwenyewe mchana mmoja, akaeleza kuhusu magoti, na kuhusu sebule inavyokuwa kimya watu wa nguo wakishachukua nguo zao. Mwanawe alisema pole, akasema atampigia mama baadaye. Mshonaji alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Halafu ikaja ile kauli aliyokuwa akiingoja tangu mazishi. Mwanawe alisema chumba cha wageni kimepakwa rangi, kina kitanda kizuri, na shule zikifungwa atakuja mwenyewe na gari kumchukua mama akakae nao. Aliisema kwa mgeni, lakini kwa sauti, na mshonaji aliisikia. Usiku ule alitoa begi lake dogo juu ya kabati, akalipangusa. Aliona kwamba aliyetajwa ni mama, na mama ni yeye, na mengine yatajinyoosha watu wakikutana uso kwa uso.

Gari lilifika asubuhi. Mgeni, ambaye kwa kawaida alisubiri televisheni iwashwe, siku hiyo alikuja bila kuwashiwa, amevaa gauni lililopanuliwa. Aliketi kitini, akakaa wima. Mshonaji alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, nalo lilikuwa lile lile, ila lilikuwa limepauka kwa pasi. Alisimama mlangoni na begi mkononi. Ndani yake kulikuwa na khanga mbili, dawa ya kuchulia magoti, na sketi ndogo zenye malinda alizowashonea wajukuu kwa kukisia vipimo kutoka kwenye picha.

Mwanawe alikuwa amenenepa. Nywele za pembeni ya masikio zilikuwa zimeanza mvi pale pale zilipoanzia za baba yake, na mshonaji alitamani kuzigusa. Mwanawe alimpita mlangoni kwa adabu, akiinamisha kichwa kidogo, akamwendea mgeni na kumkumbatia. Akasema Mama, hujabadilika hata kidogo. Mgeni alisema pole na safari, baba.

Mshonaji alimgusa mwanawe kwenye kiwiko. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu usiku, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

“Mwanangu, mimi ndiye mama yako.”

Mwanawe aligeuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Ninyi nyote ni mama zetu. Na asante sana kwa kumpa mama kampani.”

Akaliona begi, akampokea. Alidhani ni la mgeni, na kwa kuwa mgeni hakuwa na begi jingine, hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Alilipakia kwenye gari. Akauliza kama mwenyeji ataendelea kuwapo, ili nyumba isibaki bila mtu, na mshonaji akasema atakuwapo. Mgeni alipokuwa akipanda gari alishikwa mkono asijigonge kichwa. Alishusha kioo, akawapungia watu wote wa mtaani, na mtaani hapakuwa na mtu isipokuwa mshonaji.

Ujumbe ulikuja kwenye simu siku ya pili, kutoka kwa mkwe. Uliandikwa kwamba Mama alifika salama, kwamba anakula vizuri, na kwamba hana usumbufu hata kidogo. Kulikuwa na picha ya wajukuu wamevaa sketi. Kiuno kilikuwa kimewakaa sawasawa. Mshonaji aliitazama picha hiyo mpaka simu ikajizima, akaiwasha, akaitazama tena, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti ya kawaida, bila kuacha kushona.

Jioni hiyo jirani wa mlango wa pili alileta suruali ya mumewe kubadilishwa zipu. Alisema aliona gari. Akauliza kama yule alikuwa mwanawe.

“Ndiye,” alisema mshonaji. “Alikuja kumchukua mama yake.”

Jirani alisema amefanya jambo la maana, kwa sababu wengine hawaji kabisa. Mshonaji alikubali kwamba wengine hawaji. Akaikunjua suruali, akaangalia zipu ilipokatikia, akauliza inatakiwa lini.