Namba Kumi na Nne

Yule mtamba mwekundu alilelewa kwa chupa na Glenys Tranter, baada ya mama yake kufa kwa sumu. Kule magharibi mwa Queensland, Australia, kuna vichaka ambavyo ng'ombe akitafuna majani yake kidogo tu, moyo humsimama. Kwa hiyo kaka yake Glenys, Rex, mwenye shamba, alipowakaribisha watafiti na bakteria wao, dada mtu alifurahi.

Daktari Pohlmann, mwanamke mpole, aliwaeleza. Bakteria wa kawaida wa tumbo la ng'ombe walikuwa wamepandikizwa jeni ya kuivunja sumu ile. Mitamba kumi watanyweshwa hao bakteria, kumi wengine hawatanyweshwa, kisha wote watalishwa majani ya vichaka vile.

Mtamba wa Glenys, mwenye hereni namba kumi na nne, aliangukia kundi la wasionyweshwa.

Watafiti walipokwenda kula mchana, kabla ya kuwanywesha, Glenys aliingia zizini na koleo la kubania hereni. Akaing'oa hereni ile, akambandika mtamba wa kundi la kunyweshwa, na ya yule akambandika wake.

Siku ya tatu ya kulishwa majani, yule aliyebandikwa namba kumi na nne alianza kutetemeka. Akaanguka, akapiga mateke hewani, akalia mpaka sauti ikakatika. Mwenzake akafuata. Wanane waliobaki wakaachishwa majani upesi, wakapona. Zizi la pili, wale kumi walionyweshwa walikuwa wakila sumu kama nyasi. Glenys aliona aibu, lakini ndani ya aibu hiyo alikuwa amefurahi, na alijua kwamba amefurahi.

"Kazi imekwisha," alisema Daktari Pohlmann wiki iliyofuata. "Hawa wanane warudi malishoni."

"Na wale kumi?"

"Wale hawatoki, Bi Glenys. Bakteria waliobadilishwa hawaruhusiwi kufika nje. Kesho asubuhi wanapigwa risasi na kuchomwa. Imeandikwa kwenye mkataba."

Glenys alimgeukia kaka yake. Rex alikuwa ameegemea uzio, anatabasamu.

"Nilikuona na koleo lako," akasema.

"Ulijua watauawa?"

"Mkataba nimeusoma mimi. Wewe ulisoma nini?"

"Mbona hukuniambia, Rex?"

"Nikwambie nini tena mimi? Miaka yote tunaambiwa Glenys ndiye anayejua ng'ombe. Hata baba, siku anakufa, alikuwa anasema hivyo hivyo. Nikasema basi, ngoja mjuzi afanye kazi yake."

Asubuhi mitamba tisa walivutwa kwa nguvu hadi shimoni. Wa kumi, yule mwekundu, aligoma, akamkanyaga mfanyakazi mmoja mguu. Rex akamtupia dada yake kamba.

"Mlete wewe. Kwako atakuja bila tabu."

Alikuja kweli, bila kuvutwa, akimlamba mkono wa koti. Glenys alitembea naye polepole, akimsemesha kwa jina ambalo hakuwahi kumtajia mtu. Walipofika ukingoni alisimama kando yake, ameikamata kamba kwa mikono miwili.

Mwenye bunduki akangoja. Ilibidi Daktari Pohlmann amwambie Glenys mara mbili aiachie kamba.