Benchi la Nyuma

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Machi, benchi la nyuma katika kanisa moja la kijiji cha Nuu lilisogea mbele likiwa na mtu mmoja juu yake. Lilisimama karibu na safu ya mwisho ya kina mama. Pasta Nthiwa alinyamaza hadi mkwaruzo ulipokwisha, kisha akaendelea na aya aliyokuwa ameifikia.

Mtu aliyekuwa juu ya benchi ni Katunge. Aliinuka, akalivuta hadi mlangoni, akaketi tena. Alipokuwa akilivuta aliwaambia watu pole.

Benchi hilo lilikuwa la waliowekwa chini ya adabu. Anayelikalia huingia baada ya wengine kuketi, hasalimiwi kwa mkono, na siku ya Meza ya Bwana sinia la mkate hugeuzwa kabla ya kumfikia. Hutoka hapo siku atakaposimama mbele ya ushirika na kulitamka kosa lake kwa maneno ambayo wazee wa kanisa wameyakubali.

Kosa la Katunge lilijulikana. Oktoba iliyotangulia mwanawe, Kyalo, alishikwa na degedege. Katunge alimbeba hadi kwa mzee Musyimi, mtunza ufunguo wa pikapu ya kanisa, akaomba wapelekwe hospitali mjini Mwingi. Musyimi alisema pikapu iko gereji. Wenye bodaboda walimtazama mtoto wakakataa kumbeba. Katunge akavuka mto mkavu hadi kwa mganga, kwa kuwa ndiko angeweza kufika kwa miguu. Kyalo alikufa kabla mganga hajafungua kibuyu chake.

Wazee walimpa maneno ya kusema: "Nilimuua mwanangu kwa kumpeleka kwa mganga." Katunge aliyaamini. Alikuwa amesimama mara mbili ayaseme, na mara zote mbili sauti ilikwama, na wazee wakaamua kwamba hajatubu.

Jumapili zilizofuata benchi liliendelea kusogea. Lililowasumbua watu ni sakafu. Saruji ilikuwa mpya, na sasa ilikuwa na mistari miwili kutoka mlangoni.

"Wee Katunge, si ukae tu chini," Mbinya, kiongozi wa kina mama, alimwambia nje ya kanisa. "Ama unataka kufika mbinguni mbele yetu?"

"Sio mimi, Mbinya. Linatembea lenyewe."

"Na mtoto alijipeleka mwenyewe?"

Wenzake walicheka kwa sauti ya chini. Katunge alisema hapana, ni yeye aliyempeleka. Kisha akaenda nyumbani.

Fundi aliitwa, akalifunga benchi kwa misumari ya zege. Lilisogea na vipande vya zege.

Mei, Pasta Nthiwa alihubiri juu ya kumkaribia Mungu. Aliowalenga ni watu wanaochelewa ibadani. Alisema hakuna aliyewahi kufika mbele za Mungu kwa sababu mikono yake ni safi. Anayefika ni aliyeitwa, na damu ya Kristo imemwosha kabla hajabisha hodi. Kwa hivyo mtu kama huyo aingie wima, asinyate. Katunge alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.

Wiki hiyo, akichota maji katika shimo la mchangani mtoni, alirudia maneno hayo, mwanzoni kama swali. Kufikia Ijumaa hayakuwa swali tena. Alipiga magoti kando ya mtungi, akamtajia Mungu mambo mawili: kwamba alimwendea mganga, na kwamba Kyalo amekufa. Miezi yote hiyo alikuwa ameyataja kama jambo moja.

Jumapili, benchi lilipoanza kusogea, hakuinuka. Aliinua miguu ili viatu visiburuzwe. Benchi lilipita kina mama, likapita kwaya, likasimama mbele ya meza.

Wazee walikutana, wakaona kwamba dawa ya benchi ni uzito. Aliyekuwa mzito kuliko wote ni Musyimi.

"Nitalikalia mimi," alisema. "Tuone kama litacheza na mwanamume."

Jumapili iliyofuata Katunge aliambiwa asimame ukutani, na Musyimi akaketi peke yake, mikono juu ya magoti. Benchi lilirudi nyuma. Lilitoka mlangoni, likakata uwanja, likafika chini ya banda la mabati na kusimama likiwa limegusa mkia wa pikapu ya kanisa. Watu walitoka wakalifuata. Ndani ya pikapu kulikuwa na mavi makavu ya mbuzi.

Salat, mnunuzi wa mifugo, alikuwa akipitisha mbuzi nje ya ua.

"Mzee Musyimi, leo umejileta wewe?" aliita. "Hiyo gari mara ya mwisho iliniletea mbuzi zako Mwingi, ile siku mtoto wa huyu mama alikufa. Pole, mama."

Musyimi aliinuka, akakung'uta suruali.

"Muuza mbuzi hawezi kutuhubiria," Mbinya alisema.

"Turudi ndani," Pasta Nthiwa alisema. "Jua ni kali."

Vijana walilibeba benchi, wakalirudisha mahali pake mlangoni.

Jumapili ya Meza ya Bwana, mwezi Juni, Katunge aliitwa asimame mara ya tatu.

"Nilimwendea mganga," alisema. Sauti haikukwama. "Nilikosa, nikatubu, na Mungu amenisamehe. Kumuua Kyalo, sikumuua."

"Hayo siyo maneno tuliyokubaliana," Pasta Nthiwa alisema.

"Najua, Pasta. Yale ni uongo. Siwezi kuyasema hapa."

"Basi keti."

Aliketi. Benchi lilimpeleka mbele hadi magoti yake yakagusa kitambaa cheupe cha meza. Musyimi, aliyekuwa akigawa mkate, aligeuza sinia. Benchi liligeuka pia. Katunge alinyoosha mkono.

"Hustahili," Musyimi alinong'ona.

"Sistahili," Katunge alisema. "Nimeitwa."

Alichukua kipande kimoja, akala.

Baada ya ibada wazee walimwongezea adabu hadi mwisho wa mwaka. Fundi aliagizwa benchi jingine la nyuma, la mbao za mukau, zito zaidi. La zamani liliachwa mbele, kwa kuwa halikubali tena kubebwa, na kina mama wakalishonea kitambaa lisiharibu picha za harusi.

Jumatatu asubuhi Musyimi alichukua ufunguo wa pikapu ya kanisa, akapakia mbuzi wake, akashika njia ya Mwingi.