Mashine Iliyokataa Kupona

Weye unayesikiliza, umeisha kuona fundi anayefurahi mashine ikimushinda?

Basi angalia Abdias. Amepiga magoti kwenye simenti, ndani ya chumba cha mbele cha mama Adèle, huku Kimemi, mujini Butembo. Visi vyote, skrubu za mashine, amevipanga ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Turnavisi, bisibisi yake, ameikamata kwa meno. Mezani ile ordinateur, kompyuta ya zamani, imesimama, sanduku lake upande wa kuume, écran, kioo chake, upande wa kushoto, na écran yenyewe imegeuka bluu tupu, na maandishi meupe ambayo hakuna mutu anayeyapenda. Mashine imekufa tena katikati ya kupokea système mpya. Fundi mwingine angetukana. Abdias anatoa turnavisi mudomoni, anakohoa kidogo, anasema kwa sauti ya mutu aliye kwenye kilio:

"Mama Adèle, imekufa tena. Itafaa nirudie kesho."

Lakini angalia masikio yake. Masikio yanacheka.

Huyu Abdias alianza na radio, wakati batu balikuwa banabeba radio begani kama mutoto. Radio zikapungua, akajifunza simu, kisha ordinateurs, polepole, kwa kufungua zile zilizokufa na kuzichungulia ndani. Ni mwanaume mufupi, mupole, aliyefiwa na muke wake tangu zamani. Anaimba sauti ya chini katika kwaya ya Baprotestanti, na shati lake analipiga pasi yeye mwenyewe, hata mikunjo ya mikono. Na mashine anazungumza vizuri sana. Na batu, maneno yake yanapanda mpaka kooni, yanakaa pale kama bagonjwa kwenye banc ya dispensaire, kila moja linangojea zamu yake.

Na moja lilikuwa limengojea kupita yote. Abdias alitaka kumuomba mama Adèle bakae pamoja, bwana na bibi. Njiani alikuwa analisema vizuri kabisa, hata mbuzi za barabarani zilikuwa zinamuangalia. Akifika mulangoni, anaomba tu aonyeshwe prise ya umeme iko wapi.

Mama Adèle naye bwana wake alikufa, batoto baliolewa, nyumba ikabaki na nafasi nyingi. Chumba cha mbele alikifanya bureau: anaandikia batu programu za ndoa, za kilio na maziko, nyimbo za kwaya. Miwani yake imefungwa uzi wa kushonea. Mikono yake haijui kukaa bure. Saa hakuna kazi, anafuma. Kila kiti cha nyumba ile kina kitambaa chake, radio ina kitambaa, hata thermos ina kanzu yake. Mashine ndiyo ilipata kitambaa kikubwa kupita vyote: uzi muzito, mweupe, majani ya kijani pembeni, na ndani ameongeza kipande cha blanketi, juu ya kuzuia lile vumbi jekundu la Butembo linaloingia hata mahali ambapo umefunga.

Sasa mashine ile ilianza ugonjwa. Inazimika yenyewe, inawaka yenyewe. Abdias aliitwa, akasema système imeoza, itafaa kuifuta na kuweka mpya. Akachomeka clé, kile kijiti kinachobeba système. Duara za nukta nyeupe zikaanza kuzunguka kwenye écran, mustari ukaanza kutembea.

"Iko natembea yenyewe?" mama Adèle akauliza.

"Eee. Sasa ni kungojea tu."

"Basi kuja unawe mikono."

Kule alikokulia mama Adèle, kwenye vilima vya Lubero, kazi haifai kumuangalia mugeni anapokula. Jembe linaenda nyuma ya nyumba. Kitunga cha maharagi kinafunikwa. Mugeni akule na roho moja. Kwa hiyo mama Adèle akachukua kile kitambaa, akakitandika juu ya sanduku na écran pamoja, akavuta pembe zote nne mpaka zikakaa sawasawa, kisha akaleta fufu na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha makayabu, samaki ya chumvi, kilichokaangwa na vitunguu. Bakakula. Bakazungumza habari za kwaya. Walipomaliza, mama Adèle akafunua kitambaa kwa vidole viwili, kama mutu anayefunua mutoto muchanga.

Bluu.

Mulangoni alikuwa amekaa Emérence, dada mukubwa wa mama Adèle, anayeuza vitunguu na poireaux sokoni na kumaliza siku zake kwenye kizingiti hiki akiambua maharagi. Huyu hajawahi kulinda neno.

"Angaliye! Imevaa nguo ya Bikira Maria!" akasema. "Mulamu, hii ni mashine ya Bakatoliki. Inasikia harufu ya Muprotestanti, inazimia."

Mulamu! Shemeji! Abdias akaangusha visi vyote.

Kesho yake akarudi. Akatoa barrettes za mémoire, vile vipande vya kijani kama vitana, akasugua meno yao na gomme ya kufutia ya batoto ba masomo mpaka yakang'aa. Akarudisha moja, akaacha ingine, akabadilisha. Mustari ukatembea. Maji ya kunawa, kitambaa, fufu. Bluu. Siku ingine akabadilisha disque. Kitambaa, viazi na maharagi. Bluu. Siku ingine akabeba stabilisateur yake mwenyewe, sanduku la kutuliza umeme, kichwani kutoka kwake, kwa kuwa alikuwa anashuku courant ya umeme, maana mvua ikinyesha courant ya hapa inashuka na kupanda kama mulevi kwenye ngazi. Mama Adèle akamuhurumia kwa uzito ule, akapika kuku. Bluu.

Fundi mwingine angeichukua mashine kwake, aifungue kwenye meza yake kwa utulivu. Abdias hakufikiri vile. Ao alifikiri, akaifukuza ile fikra. Alisema barabara ina mashimo, mashine haiwezi.

"Barabara ina mashimo, lakini stabilisateur iliyapita," Emérence akasema, hakuinua hata kichwa kutoka kwa maharagi.

Mwisho wa yote Emérence akachoka, ao akajifanya amechoka.

"Adèle, yubile ya kwaya ni Jumapili, na programu hata moja haijaandikwa. Mutoto wangu Bénie anaenda mujini Beni Alhamisi. Abebe hii kitu. Kule kuko kijana Précieux, anatengeneza, anarudisha, hakuli hata chakula."

Mama Adèle akatazama mashine, kisha akatazama Abdias aliyekuwa anafunga kijaluba chake cha visi. Aliangalia muda, kama mutu anayemupa mwenzake nafasi ya kupita kwanza mulangoni. Abdias akakohoa.

"Basi," mama Adèle akasema, "kesho ajaribu tena. Ikikataa, iende Beni."

Abdias akarudi kwake akitembea kando ya barabara. Ikikataa, mashine inaenda kwa Précieux. Ikikubali, imeisha, na mutu hawezi kukuja kutengeneza kitu kizima. Aliangalia pande zote mbili za ile fikra, kama mutu anayepima nguo, akakuta zote mbili ni fupi. Na lile neno, bado liko kwenye banc.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Abdias akafika na shati lililopigwa pasi, akafungua sanduku, akapuliza vumbi, akafunga, akachomeka clé. Nukta zikazunguka. Mustari ukaanza kutembea. Mama Adèle akaleta beseni ya maji na sabuni.

"Leo hapana, mama Adèle," Abdias akasema. "Leo kwetu ni jeûne. Tunakula jioni tu."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Yesu wangu!" Emérence akasema. "Fundi na mashine banalala njaa pamoja."

Mama Adèle akarudisha beseni. Chakula hakuna, basi kufunika nako hakuna. Kitambaa kikabaki kwenye mugongo wa kiti. Hakukuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kuangalia. Bakakaa batatu mbele ya écran, kama batu banaongojea mutoto azaliwe. Mvua ikaanza kwenye mabati. Mustari ukafika katikati, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuuona. Mama Adèle akakamata uzi wa miwani. Mustari ukapita. Ukaendelea. Mashine ikazimika, bote bakasema "Ah!", ikawaka tena yenyewe, na katikati ya écran neno moja likatokea: *Bonjour*.

"Bonjour na weye!" Emérence akapiga kelele, akarusha maganda ya maharagi juu, na vigelegele vyake vikapita hata mvua. Mama Adèle alikuwa anapiga makofi kama musichana.

Abdias hakupiga makofi. Alikuwa ameweka mukono nyuma ya sanduku, mahali pepo, hewa ya ndani, inatokea. Joto kidogo, kama pumzi. Siku zile zingine, alikumbuka, sanduku lilikuwa linaunguza, na yeye akasema moyoni ni uzee. Akageuka polepole, akaangalia kile kitambaa kwenye kiti, na blanketi yake ya ndani.

Angeweza kunyamaza, unaona? Kesho si siku ya jeûne. Kesho kutakuwa na fufu, kitambaa kitarudi mahali pake, mashine itazimia, na yeye ataitwa. Mwaka mzima angeitwa. Alisimama na ile fikra tamu mukononi, wakati kidogo tu.

Kisha akachukua kitambaa, akakitandika juu ya sanduku.

"Musikilize," akasema.

Bakasikiliza. Ile ventilateur ya ndani, feni yake, ikaanza kuimba, kisha kulia, kisha kupiga mayowe kama mutu anayepanda mulima na muzigo. Akafunua. Ikatulia.

"Mama Adèle, mashine inapumua. Hapa nyuma ndiyo pua yake. Tulikuwa tunaifunika blanketi saa inatumika kupita saa zote. Si barrettes. Si courant. Ilikuwa nakosa pepo, inazimia." Akaongeza haraka, "Kitambaa ni kizuri sana. Hakina kosa. Miye ndiye fundi, nilikuwa nakula, sikuangalia."

Mama Adèle akafunika mudomo na mukono. Mabega yakaanza kutetemeka. Abdias akafikiri analia. Kumbe ni kicheko, kicheko kilichomupanda mpaka miwani ikaanguka na kuning'inia kwenye uzi wake.

"Nilitaka ukule na roho moja!" akasema. "Kumbe niko namunyonga mwenzako pembeni!"

Bakacheka bote batatu mpaka Emérence akasema tumbo lake litapasuka, akainuka, akasema anaenda kuangalia kama mvua imefika kwa vitunguu vyake. Vitunguu vilikuwa ndani ya nyumba tangu asubuhi.

Bakabaki babili. Mama Adèle akaandika programu, na imprimante, mashine ya kuchapa iliyo chini ya meza, ikavuta karatasi ya kwanza ya yubile, ikaitema ikiwa bado na joto. Abdias akarudisha visi, kimoja kimoja, akavikaza polepole, hata vile ambavyo vilikuwa vimekaza. Kifuniko cha maziwa kikabaki kitupu. Mama Adèle alikuwa anakunja kitambaa, mara mbili, mara ine, mpaka kikawa kama mukate.

"Donc, imepona," akasema.

"Imepona."

"Haitakufa tena?"

"Kama hapana kuifunika... haitakufa."

"Sasa utakuwa nakuja huku juu ya nini, papa Abdias?"

Abdias akafungua mudomo. "Ventilateur," akasema. "Itafaa ipanguswe vumbi. Mara kwa mara."

"Nitaipangusa miye mwenyewe."

Hakumusaidia hata kidogo, huyu mwanamuke. Alikaa tu, amekamata kile kitambaa kwenye magoti, anamuangalia kwa uso uliokunjuka, na alionekana ana wakati wa kutosha. Mvua ilikuwa imepungua. Matone yalikuwa yanaanguka moja moja kutoka kwenye mabati, ndani ya ndoo iliyojaa. Abdias akaweka turnavisi mezani. Akafuta mikono kwenye suruali yake ya pasi.

"Haikukuwa juu ya mashine," akasema. "Tangu siku ya kwanza haikukuwa juu ya mashine. Adèle, nataka tukule pamoja, miye na weye, kila siku, bwana na bibi, mpaka meno yatuishiye."