Kangaga la Mzee Semahoro

Nehemiya, jirani wa mama yangu kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani ya wasichana wangu wa shule ya Nyamitanga, mjini Mbarara.

"Dada Liliane, kuya uchukue mama," alisema. "Halali, hakuli. Anasema mzee iko anakuya."

Mzee ni baba yangu, Semahoro. Tulimzika mwaka 2009 nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, na sasa ilikuwa 2013. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na habari za wafu wanaotembea hunichefua. Likizo ya Agosti ilipoanza nilimwachia mume wangu, Joël, nyumba yetu ya Nyamityobora, nikaenda kumleta mama, atake asitake.

Nilimkuta ameketi kizingitini. Alikuwa amekonda, midomo imempasuka kwa kiu, na jerikeni la maji liko pale pale kando yake. Niliingiwa na hofu. Kwa hali ile asingeumaliza ukame wa mwaka ule.

"Fuata, nikuonyeshe," alisema.

Tulipokimbia milima ya Kivu Kusini, baba alibeba kangaga moja ndani ya kopo la maziwa. Wengine walibeba picha, yeye alibeba jani la kando ya mto alikonyweshea ng'ombe. Alipokufa tulilipanda juu ya kaburi lake. Sasa pale kaburini palikuwa na kishungi kikavu tu. Mbele yake kishungi kingine, nacho kikavu, na mbele ya hicho kingine tena. Mstari ule ulitoka migombani, ukazunguka jiko, ukakata kona, ukaja kwenye mlango wa mbele. Mmea wa mwisho ulikuwa hai. Majani yake machanga yalikuwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga, na jani moja refu lilikuwa limenyooshwa kuelekea mlangoni.

"Uko unaona?" mama aliuliza. "Anasogea. Bantu ba kanisa bamekuya kuomba, bakaona, bakakimbia."

Mwili ulinisisimka, na mtu akisisimkwa mbele ya mama yake hutafuta pa kujificha. Mimi nilijificha kwenye somo. Niligeuza jani nikamwonyesha mistari ya kahawia iliyolala kwenye mishipa, kila mmoja umefunikwa na kigozi chembamba. Ndiyo alama ya jenasi nzima, nilimwambia, wataalamu wanaiita Asplenium. Haina ua wala mbegu, huzaa kwa vumbi lililo chini ya kigozi hicho. Ila baadhi ya spishi zake zina njia ya pili. Karibu na ncha ya jani huota kichipukizi. Jani linalemewa, linainama, ncha inagusa udongo wenye unyevu, kichipukizi kinatoa mizizi. Mmea mpya unasimama, wa nyuma unanyauka, na huo mpya nao unarefusha jani lake.

Mama alisikiliza kwa adabu, kama mwanafunzi anayekaa dawati la mbele.

"Basi njo vile anatembea," alisema.

Sikujua nicheke au nilie. Tena kulikuwa na jambo lililonikera, ambalo somo langu halikuligusa. Mmea huu hupenda kivuli na maji. Kwa nini basi uliacha migomba ukaja juani, kwenye vumbi, ukiufuata mlango?

Jibu nililipata alfajiri. Mama alikuwa amechuchumaa nje na kikombe cha maji yake ya kunywa, anamimina polepole mbele ya lile jani. Alipomaliza aliishika ncha, akaiinamisha hadi chini, akaweka kijiwe juu yake kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

Nilipandwa na hasira. "Mama, unaogopesha bantu bote, kumbe weye njo unamutembeza?"

"Njo mimi," alisema bila aibu. "Mu hii vumbi angepita wapi?"

"Na weye unakufa na kiu!"

"Nikikunywa mimi, yeye njo atakauka mbele yangu."

Hapo hasira iliniishia. Mimi nilimlilia baba siku ya mazishi, nikanawa uso, nikarudi kufundisha. Mama hakuwa amerudi popote. Nilimwambia tena twende Mbarara, kuna hospitali, kuna kitanda.

"Akifika akute mulango bamefunga?" aliuliza. "Atafikiri nimemuacha."

Basi kumbe hakuwa akiogopa kwamba baba anakuja. Aliogopa kwamba baba hatakuta mtu. Nilimwahidi kwamba nitabaki mimi, nitamwagilia, mlango utakuwa wazi. Alinitazama sana, kisha akakubali. Joël alikuja na gari la kukodi akamchukua.

Nikabaki peke yangu, mimi mwanasayansi. Nilimwagilia asubuhi na jioni, na nilijiambia nafanya hivyo kwa sababu nimeahidi. Lakini haikupita muda nikawa nakohoa kidogo kabla ya kuingia ndani, kama inavyofaa nyumba yenye mwanamume. Nikaacha kubadili nguo karibu na mlango. Mchana mmoja, jua likiwaka, nilipakua ugali sahani mbili. Niliitazama ile ya pili, nikaogopa kula na nikaogopa kuiondoa.

Siku hiyo hiyo Joël alipiga simu. Alisema mama amedhoofika, anataka kusema nami.

"Amefika?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nilitazama. Kutoka kwenye mmea hadi kizingiti bado palibaki pengo la jani moja.

"Amefika, Mama. Ameingia mu nyumba."

"Ameikaa?"

"Ameikaa."

"Basi mupatie telefone."

Nilisimama na ile simu sikioni. Kisha nikapiga magoti pale vumbini, nikaisogeza simu kwenye jani. Nilimsikia mama kwa mbali akimgombeza kwa kuchelewa. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayejibiwa. Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba. Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Eh, nimesikia," alisema. "Niko nakuya."

Nilisubiri, nikiwa bado nimepiga magoti. Kisha Joël aliichukua simu, akaniita kwa jina, akashindwa kuendelea.