Upande wa Kushoto

Mwimbaji Mzee Taratibu alikufa asubuhi, amekaa kwenye kiti chake na kikombe mkononi, na kabla chai haijapoa watu walishaanza kuulizana nani ataleta CD.

Msiwalaumu. Maziko bila ule wimbo wake yalikuwa hayajawa maziko. Tajiri akifa, unapigwa. Maskini akifa, jirani anaazima redio, unapigwa. Gitaa linaanza peke yake, zito, huo ndio ukimya wa kwanza, kisha sauti ya mwanamume inashuka kutoka huko inakotoka: "Mbali, mpenzi, mbali." Baada ya hapo kimya, gitaa tu, waombolezaji wanainamisha vichwa. "Walikuja watu wanne, wakanyanyua taratibu." Kimya tena, na hapo hata wabeba jeneza hutafuta leso. "Chini, mpenzi, chini." Halafu wimbo unafifia, unafifia, unazama, na wenye mioyo migumu kama jiwe wanalia kwa kwikwi. Wasomi waliandika magazetini juu ya ule ukimya. Mmoja alisema mwimbaji anazungumza na mauti, na mauti hayana la kujibu.

Mauti gani? Alikuwa anazungumza na mkewe, na habari yenyewe ilikuwa kitanda.

Mke huyo, ambaye enzi za bendi walimpa jina la Bibi Zumari kwa jinsi sauti yake ilivyopenya, ndiye aliyekuwa akiimba humo kwenye ukimya. Wimbo ulikuwa wa ugomvi. Mume kauza kitanda cha mama mkwe wake, mke anamhoji, mume anajibu kwa kukwepakwepa, na ngoma inapigwa haraka mpaka wachezaji wanavunja visigino vya viatu. Studio ya wakati ule ilikuwa na maikrofoni mbili tu, basi wakagawana: mume na gitaa kulia, mke na ngoma kushoto. Wimbo ukatoka, ukachezwa, ukazeeka, ukasahauliwa kama nyimbo nyingine zote.

Ndipo akatokea Fundi Nyaya. Fundi huyu, rafiki wa Taratibu wa siku nyingi, alizikusanya kanda za zamani akatengeneza CD moja ya nyimbo ishirini, akaiita *Dhahabu Isiyochuja*. La kuvunda halina ubani. Kanda nyingine ilikimbia kuliko kawaida, mwimbaji mwenye sauti nene akatoka kama mbuzi. Nyimbo mbili zilibadilishana majina. Picha ya jaladani ilikuwa ya timu ya mpira. Na ulipofika wimbo wa kitanda, waya mmoja wa mtambo ulikuwa umekufa, wimbo ukaingia upande wa kulia peke yake. Ngoma ikapotea, mke akapotea, akabaki mwanamume na gitaa, anamjibu mtu asiyekuwepo.

Fundi hakugundua, na sababu yake usicheke: sikio lake la kushoto lilishakufa zamani kwa kulala juu ya maspika. Alichokisikia kwa sikio la kulia kilikuwa kamili kabisa.

Asiyekuwepo na lake halipo. Bibi Zumari aliujua ukweli wa msemo huo siku alipokwenda kumzika jirani yake. Wimbo ukapigwa, ukaja ukimya wa kwanza, naye kwa mazoea tu akafungua kinywa akaimba sehemu yake. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka, macho yamemtoka pima. "Mama, heshima jamani! Unaharibu wimbo!" Nyumbani nako hali haikuwa nzuri zaidi. Wajukuu waliisikiliza CD mwanzo mpaka mwisho, wakamtazama kwa huruma ile ya watoto, wakamwambia, "Bibi, labda uliimba wimbo mwingine."

Alimfuata fundi akamfokea mpaka sauti ikakauka. Fundi alikubali kila kitu isipokuwa kurekebisha.

"Watu wameshaulilia, mama," alisema. "Nikikurudisha wewe sasa, watadai machozi yao."

Taratibu naye, Mungu amrehemu, aliichukulia kama mvua: imenyesha, utafanyaje. Akaanza kualikwa mazikoni kuimba mwenyewe, vilevile kama kwenye CD, akashona suti nyeusi, na mkewe akawa anakaa mstari wa mbele amemshikia kofia. Lakini jioni, wakiosha vyombo, yeye mkewe akisugua na mumewe akipangusa, mzee alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko, na mke akauliza, na mume akajibu, mpaka majirani wakagonga ukuta. Jikoni mle, kwenye maji machafu na masufuria, ndiko wimbo ulikobaki mzima.

Sasa mpangusaji amekufa. Bibi Zumari alilia alivyolia, kisha akajikaza, akaingia sebuleni kulikokuwa na kikao cha mazishi akiwa na ombi moja tu: amzike mumewe kwa wimbo wao wote.

Kikao kiliongozwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyewahi kupiga kengele kwenye harusi yake mwenyewe ili watu waache kula.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri," alisema. "Tulikuwa tunagawa ukimya. Ukimya wa kwanza ni wa familia. Wa pili ni wa wageni waalikwa. Wa tatu ni wa wananchi wote."

"Na wangu ni upi?"

"Wewe ndiye mjane, shemeji. Wote ni wako."

"Wote ni wangu kweli. Nilikuwa naimba humo."

Watu wakatazama zulia. Kila ukoo una jambo ambalo likitajwa wanaukoo hutazama zulia, na kwa ukoo huu lilikuwa hilo.

"Nataka wimbo upigwe mzima," alisema Bibi Zumari. "Na ngoma yake."

"Ngoma! Shemeji, kaka yangu ni mtu mkubwa. Wanakuja watu wazito. Tumzike kwa wimbo wa kitanda?"

"Kilikuwa kitanda kizuri lakini," alisema shangazi mmoja kutoka pembeni. "Cha mninga kile."

"Shangazi, tafadhali."

"Nasema tu. Na godoro lake."

Mwalimu mkuu akagonga meza, akahamia ajenda ya viti. Bibi Zumari hakubishana. Kubishana na mtu mwenye ajenda ni kumpigia mbuzi gitaa. Alijifunga khanga akatoka kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka kwa Fundi Nyaya, maana mitambo yote ya mazishi ilikuwa yake, na atakachobonyeza yeye ndicho kitakachosikika, ajenda itake isitake.

Alimkuta fundi katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, analia. Alikuwa anamlilia rafiki yake kwa dhati, machozi yakimdondokea kwenye bisibisi.

"Fundi, kanda ya kwanza bado unayo?"

"Ninayo."

"Mimi nimo?"

"Umo, mama. Umo tangu siku ile. Ni mimi tu sikukutoa."

"Basi kesho nitoe."

Fundi akaweka bisibisi chini. Alikuwa mzee, rafiki zake walikuwa wanakwisha mmoja mmoja, na hakutaka kubaki na deni la namna hii kwa mke wa mtu aliyekuwa anamletea muhogo kila Jumamosi. Akakubali. Akasema atakesha akiikwangua kanda vumbi.

Asubuhi ya maziko alimnong'oneza mjane akiwa na uso wa mtu aliyefaulu mtihani. "Tayari, mama. Safari hii upande wako nimeushughulikia mwenyewe. Nimegeuza hedifoni, nikakusikiliza kwa sikio zima, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna neno lako hata moja lililopotea."

Yeyote mwenye akili iliyotulia angeuliza: na upande wa pili je? Lakini nani ana akili iliyotulia siku ya kumzika mumewe? Bibi Zumari alimshika fundi mikono yote miwili akamshukuru.

Watu walijaa makaburini mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Mwalimu mkuu alishika kipaza sauti, akawakumbusha wananchi kwamba ukimya wao ni wa tatu, wasije wakaurukia wa familia. Kisha akamwashiria fundi kwa kichwa, na umati mzima ukainama.

Ngoma ikalipuka.

Haikuanza, ililipuka, ile ngoma ya kuvunja visigino, kutoka kwenye maspika manne yenye kimo cha mlango. Ndege wakaruka. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo alishacheza bega moja kabla hajakumbuka alipo. Na juu ya ngoma, kali, changa, yenye hasira na uchangamfu, ikaja sauti ya mwanamke ambayo nusu ya waliokuwepo hawakuwahi kuisikia maishani mwao:

"Kitanda cha mama yangu, umekipeleka wapi?"

Bibi Zumari alishika kifua. Alikuwa ni yeye! Alikuwa ni yeye yule wa enzi za bendi, wa gauni la njano, mwenye kiuno na meno yote. Furaha ilimpanda mpaka akasahau aibu, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuwaonyesha watu mtoto wake. Mwaona? Mwanisikia? Akainua shingo, akangoja mumewe ajibu.

Hakujibu. Ngoma ilipiga peke yake, tupu, pale pote ambapo jibu lilitakiwa kuwa.

Alimtazama fundi. Fundi alikuwa amelaza sikio lake zima karibu na spika, amemwinulia kidole gumba. Hapo mjane akaelewa yote kwa mara moja. Waya uliokufa ulikuwa bado umekufa. Fundi aliuchukua ule mmoja mzima akauhamishia kushoto. Amemrudisha mke, amemfuta mume, na sasa Bibi Zumari alikuwa anamfokea maiti mbele ya umati.

Ukimya wa umati sasa ulikuwa ukimya wa kweli, si ule wa kugawiwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameduwaa na karatasi yake. Halafu mtu mmoja huko nyuma, ambaye labda alishazika wengi mno kiasi kwamba ulimi wake ulijua njia peke yake, akaimba kwa sauti ya woga:

"Mbali, mpenzi, mbali."

Wawili watatu wakamsaidia. Kwenye ukuta nako wakaitikia.

"Na mgongo wako mbovu, nani kakubebea?" ilifoka spika.

"Walikuja watu wanne," ukajibu umati, safari hii wote, "wakanyanyua taratibu!" Na wabeba jeneza wanne, waliokuwa wakiimba kwa nguvu kuliko wengine, wakatazamana, wakatazama jeneza, na mmoja wao akaanza kutikisika mabega. Watu wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko kikamrukia wa pili. Shangazi wa pembeni akapaza sauti, "Si niliwaambia ni kitanda!" na hapo hakuna aliyeweza kuzuia tena. Watu waliokuwa wameulilia wimbo huo miaka na miaka, waliozika mama zao na baba zao kwa huo huo, waligundua wote kwa pamoja walichokuwa wakijibu, wakashikana wasianguke.

"Na usiku ukiingia, sisi tutalala wapi?"

"Chini, mpenzi, chini!" waliunguruma, machozi yakiwachuruzika, na mwalimu mkuu mwenyewe, akipunga karatasi ya ajenda kuwanyamazisha, alikuwa anaimba.

Bibi Zumari alikuwa anacheka nao. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na katika kucheka alitaka sana kugeuka amwambie mtu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa sandukuni.

Watu wakapangusa nyuso. Wakajiweka sawa, maana walijua wimbo unaishia hapo. Kwenye CD ulififia hapo siku zote. Nyimbo ishirini hazikuwa zimeenea kwenye CD moja, basi fundi alikuwa amekata miisho yake. Wabeba jeneza wakainama kushika kamba. Lakini kanda haikujua habari za kufifia. Ngoma ikaendelea, na sauti ikauliza mara ya mwisho, polepole sasa, hasira imekwisha:

"Na kichwa nikiweke wapi, umeuza hata mto?"

Kila mtu akamtazama mwenzake. Hakuna aliyejua jibu. Vijana hawakuwahi kulisikia, na wazee walishalisahau. Fundi aligeuza sikio lake zima huku na huku kulitafuta. Ngoma ilipiga, ikangoja.

Miaka yote Bibi Zumari alikuwa amepigania swali lake lisikike. Jibu hakuwahi kulipigania, kwa sababu lilikuwa lipo tu, kila jioni, na kitambaa cha vyombo begani. Alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi. Akalitafuta huko chini kwenye sauti nzito ambako hakuwahi kwenda maishani mwake, kwa sababu alikuwa na mtu wa kwenda huko, akaliimba:

"Mkono wangu upo."

Spika ikauliza tena, maana kibwagizo hurudiwa. Akajibu tena. Wale wanne walisimama na kamba mikononi, hawakunyanyua mpaka alipomaliza.