Mwiko wa mugebuka

Katika ukoo wa Adolphine, pale Baraka, samaki haliwi. Ziwa Tanganyika liko mlangoni, majirani wanakaanga mugebuka kila jioni, na wao wanameza mate na sombe, majani ya muhogo, kwa sababu babu yao aliuawa na mwiba wa samaki. Bibi aliwashikisha mwiko huo miaka hamsini, mpaka alipofariki mwezi uliopita.

Katika sanduku la bibi, Adolphine akakuta cheti cha kifo cha babu. Akakipeleka kwa Nicolas, muuguzi mstaafu anayeujua mwandiko wa madaktari wa zamani.

"Hapa banaandika tetanosi," Nicolas akasema. "Ni pepopunda. Babu yako alikanyaga musumari wa kutu."

"Na mwiba iko wapi?"

"Mwiba haiko, mama."

Adolphine akawaka. Miaka hamsini ya sombe! Bibi alipata faida gani kumsingizia samaki?

Alikuwa bado anafoka alipokumbuka hadithi za bibi. Katika ndoa yake nzima, bibi alilalamikia jambo moja tu: mume mvuvi, anayemletea kila asubuhi kapu zima la mugebuka wa kupara magamba.